Uzi: Kupanga namba kwenye makundi na kumtambua "mgeni", tuwekane sawa hapa

Baki_Sifuri

Wakuu, swali la "namba ipi haimo kwenye kundi" linaonekana jepesi mpaka watu wawili watoe majibu mawili na kila mmoja awe na hoja. Chukueni hili:

9, 16, 25, 43

Mmoja atasema 43, kwa kuwa 9 ni 3 × 3, 16 ni 4 × 4, 25 ni 5 × 5, na 43 haipatikani kwa namba nzima kujizidisha yenyewe. Mwingine atasema 16, kwa kuwa ndiyo shufwa pekee na zilizobaki zote ni witiri. Wote wawili wako sahihi. Kosa liko kwenye swali.

Wengi hupotea kwa sababu wanaikagua namba moja moja wakitafuta iliyo na upekee. Kila namba ina upekee wake! Hapo juu 25 ndiyo pekee inayogawanyika kwa 5, na 9 ndiyo pekee yenye tarakimu moja. Ukienda kwa mtindo huo kila namba itakuwa mgeni. Mimi nashauri tugeuze swali: tusiulize "ipi ni tofauti", tuulize "hizi nyingine ni nini?" Zikipata jina moja la kundi, mfano shufwa, tasa, vigawe vya 6, namba za mraba, basi iliyobaki nje ndiye mgeni. Jina kama "zisizogawanyika kwa 5" ni dhaifu. Linataja tu kile ambacho namba hizo hazina, na kundi hilo linabeba namba nne katika kila tano.

Kwa vitendo, chora jedwali. Mstari mmoja kwa kila namba, safu moja kwa kila sifa. Mfano: 12, 18, 30, 42, 52.

Namba | Shufwa | Kigawe cha 3 | Kigawe cha 4
12 | ndiyo | ndiyo | ndiyo
18 | ndiyo | ndiyo | hapana
30 | ndiyo | ndiyo | hapana
42 | ndiyo | ndiyo | hapana
52 | ndiyo | hapana | ndiyo

Safu ya kwanza haitusaidii kwa kuwa wote wamo. Safu ya 4 ina "ndiyo" mbili, kwa hiyo haimtengi mtu mmoja. Safu ya 3 ina "hapana" moja tu, na ukiiunganisha na safu ya shufwa unapata jina la kundi: vigawe vya 6. Mgeni ni 52. Hakuna haja ya kugawanya kwa mkono; 5 + 2 = 7, na 7 haigawanyiki kwa 3.

Karibuni tuongeze, tusahihishane.

---

Tasa_97

Mkuu Baki_Sifuri, umeanza pazuri. Naongezea upande wa namba tasa, maana ndipo alama nyingi zinapopotea.

Kupima kama namba ni tasa, huhitaji kujaribu kila kitu. Jaribu kuigawa kwa namba tasa tu, na uishie kwenye kipeuo chake cha pili. Sababu ni hii: namba ikiwa ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili zizidi kipeuo chake cha pili, kwani zao lao lingeizidi namba yenyewe. Kwa hiyo namba yoyote chini ya 121 inamalizwa na 2, 3, 5 na 7. Chini ya 169 unaongeza 11. Chini ya 289 unaongeza 13.

2, 3 na 5 zinapimika kwa macho: tarakimu ya mamoja kwa 2 na 5, jumla ya tarakimu kwa 3. Ukishazichuja hizo, chini ya 100 zinabaki namba nne tu zinazojifanya tasa wakati si tasa: 1, 49, 77 na 91. Nne tu. Zishike kichwani na hutakosea tena tasa chini ya 100. Anayewaangusha wengi zaidi ni 91, ambayo ni 7 × 13.

Kati ya 100 na 200 ziko saba: 119 (7 × 17), 121 (11 × 11), 133 (7 × 19), 143 (11 × 13), 161 (7 × 23), 169 (13 × 13) na 187 (11 × 17).

Kipimo cha 7 kwa asiyekijua: toa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha ipunguze kutoka kwa kilichobaki. Kwa 161, unabaki na 16, unapunguza 2, unapata 14. Inagawanyika. Kwa 119 unabaki na 11, unapunguza 18, unapata −7. Hiyo nayo inagawanyika. Alama ya hasi isikutishe. Kipimo cha 11 ni kupunguza na kujumlisha tarakimu kwa zamu: 187 inatoa 1 − 8 + 7 = 0, inagawanyika.

Sasa jaribuni: 61, 67, 71, 87, 89. Wanaoangalia haraka husema zote tasa. 8 + 7 = 15, kwa hiyo 87 inagawanyika kwa 3, na ni 3 × 29.

---

Kigawe_cha_Tatu

Mkuu Tasa_97, nisaidie kwenye 1. Umeiweka pamoja na wanaojifanya tasa, lakini 1 inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Sharti si ndilo hilo? Na 0 inakaa wapi?

---

Tasa_97

Sharti lisemwe hivi: namba tasa ina vigawo viwili, si zaidi wala si pungufu. 7 ina 1 na 7. 1 ina kigawo kimoja tu, yaani 1. Imepungukiwa.

Na sharti halikuwekwa hivyo kwa kubahatisha. Kila namba nzima kuanzia 2 inavunjika kuwa vigawo tasa kwa njia moja tu. 12 ni 2 × 2 × 3, basi. Tukiiita 1 tasa, 12 itakuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho, na kanuni yote inabomoka. Zamani hawakuwa na msimamo mmoja. Goldbach, katika barua yake ya 1742 kwa Euler, aliihesabu 1 kuwa tasa. Leo suala hilo limefungwa.

0 ni shufwa, kwa kuwa 0 = 2 × 0. Ni kigawe cha kila namba. Si tasa, si chanya, si hasi.

Kuna moja nataka watunga maswali waizingatie: msiweke 2 ndani ya kundi la tasa kama si yeye mgeni mnayemtaka. Mfano 2, 3, 9, 11, 13. Mtunzi anataka 9 kwa kuwa si tasa. Lakini 2 ndiyo shufwa pekee, na nyingine zote ni witiri, jina halali kabisa la kundi. Ondoa 2, weka 5, swali linapona.

---

Kiasi_na_Asili

Habari wakuu. Mmekaa sana kwenye namba nzima. Twende kwenye makundi makubwa, maana huko watu wanachanganya makundi yaliyo ndani ya makundi.

Namba asilia ziko ndani ya namba nzima, namba nzima ndani ya namba kamili (hapa ndipo hasi zinapoingia), namba kamili ndani ya namba wiano, na wiano ndani ya namba halisi. Ni kama bakuli ndani ya bakuli. Mtu akisema "5 si namba wiano kwa sababu ni namba kamili", hajaelewa mpangilio: 5 ni 5/1, kwa hiyo imo kwenye bakuli zote. Mpaka kati ya asilia na nzima unategemea kitabu. Vingine vinaanza asilia na 1, vingine na 0. Kwa hiyo usitunge swali ambalo jibu lake linaning'inia kwenye 0 peke yake.

Namba wiano ni ile inayoandikika kama sehemu, kiasi juu na asili chini, zote mbili namba kamili, asili isiwe 0. Mitego ninayoiona kila mara:

√2, √5, √7, √9. Alama ya kipeuo imewapumbaza watu waone zote ni za aina moja. √9 ni 3. Huyo ndiye mgeni.

0.75, 22/7, 0.333..., π. Mgeni ni π. Wengi wanaikamata 22/7 na kuiachia π, au wanaziona hizo mbili ni kitu kimoja. 22/7 ni 3.142857142857..., tarakimu sita zile zile zinajirudia, ni wiano bila ubishi. π ni 3.14159... na hairudii, Lambert ndiye aliyelithibitisha hilo katika miaka ya 1760. Hizo mbili zinaachana kwenye nafasi ya tatu tu baada ya nukta.

0.101001000100001... Hii ina utaratibu unaoonekana, sifuri zinaongezeka moja moja, ndiyo maana watu wanaiita wiano. Utaratibu hautoshi. Lazima kuwe na fungu moja la tarakimu linalojirudia vile vile. Hapa halipo, kwa hiyo si wiano.

Kisha kuna desimali zenye kikomo na zinazojirudia. Rahisisha sehemu kwanza, kisha vunja asili kuwa vigawo tasa. Ukikuta 2 na 5 tu, desimali ina kikomo. Ukikuta tasa nyingine yoyote, itajirudia. Kwenye 1/8, 7/20, 6/15, 5/12, anayesahau kurahisisha anaona 3 ndani ya 15 na 3 ndani ya 12, anapata wageni wawili. 6/15 ni 2/5, yaani 0.4. Mgeni ni 5/12, ambayo ni 0.41666...

---

Baki_Sifuri

Kiasi_na_Asili, asante sana, ila kwenye mfano wako wa mwisho pana tundu. Mwanafunzi anaweza kusema 6/15, kwa kuwa ndiyo pekee haijarahisishwa. Nyingine zote ziko kwenye umbo rahisi kabisa. Utamjibu nini?

---

Kiasi_na_Asili

Umenikamata vizuri. Nitamjibu kwa kutenganisha thamani na maandishi. "Haijarahisishwa" ni sifa ya jinsi sehemu ilivyoandikwa. Ukiandika 2/5 namba ni ile ile na sifa imetoweka. "Desimali yake inajirudia" ni sifa ya namba yenyewe kwenye mfumo wetu wa kumi, haibadiliki ukiandika 5/12 au 10/24. Swali likisema "namba ipi", thamani inatangulia. Lakini nakubali, swali safi lisiache mlango huo wazi. Niweke 2/5 badala ya 6/15? Mtego wa kurahisisha unakufa. Afadhali ziwe mbili zisizorahisishwa: 1/8, 9/12, 6/15, 5/12. Sasa 9/12 ni 0.75, 6/15 ni 0.4, na "haijarahisishwa" haimtengi mtu mmoja tena.

---

Kigawe_cha_Tatu

Hata hiyo inabaki na kasoro. Asili ni 8, 12, 15, 12. 15 ndiyo witiri pekee.

---

Kiasi_na_Asili

Kweli. Basi 6/15 itoke, iingie 21/28, ambayo ni 3/4... hapana, hiyo ni sawa na 9/12. Weka 9/30, ambayo ni 3/10, yaani 0.3. Kundi linakuwa 1/8, 9/12, 9/30, 5/12. Asili zote shufwa, kiasi zote witiri, mbili zimerahisishwa na mbili bado, na inayojirudia ni 5/12 peke yake. Hivi ndivyo swali moja linavyotakiwa kukaguliwa kabla ya kumfikia mtu.

---

Hatua_kwa_Hatua

Naomba niwatoe kwenye makundi niwapeleke kwenye mifuatano, maana kwenye karatasi za maswali vinachanganywa. Kwenye kundi, mpangilio hauna maana; ukizivuruga namba jibu ni lile lile. Kwenye mfuatano, nafasi ndiyo kila kitu, na "mgeni" ni namba iliyoharibika mahali pake.

2, 5, 10, 18, 26, 37

Andika tofauti chini yake: 3, 5, 8, 8, 11. Ulitegemea 3, 5, 7, 9, 11. Tazama vizuri: tofauti mbili zilizokaa jirani zimeharibika, ya kwanza imezidi 1 na ya pili imepungua 1. Hiyo ni alama ya namba moja mbovu katikati. Namba iliyozidi 1 huiongeza tofauti ya kabla yake na kuipunguza ya baada yake kwa kiasi kile kile. Namba iliyo kati ya tofauti hizo mbili ni 18, na ilipaswa kuwa 17. Wenye haraka huona 8, 8 wakadhani mfuatano umebadilika tabia.

Namba mbovu ikiwa ya mwisho au ya kwanza, utaona tofauti moja tu imeharibika. Kwa 2, 5, 10, 17, 26, 36 tofauti ni 3, 5, 7, 9, 10.

Mfuatano wa kuzidisha unapimwa kwa kuruka. 3, 6, 12, 24, 46, 96: kutoka 24 hadi 96 ni mara 4, yaani mara 2 mara mbili, kwa hiyo katikati palitakiwa 48. Kuruka kunasaidia kwa sababu unakwepa namba mbovu na kupima majirani zake.

---

Mraba_Kamili

Hatua_kwa_Hatua, njia yako ya tofauti naikubali, ila tahadhari moja. 1, 2, 4, 8, 16, 31. Wote watasema 31 ni mbovu, ilitakiwa 32. Lakini weka nukta kwenye duara, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mstari, hesabu vipande vingi kabisa vinavyoweza kupatikana: nukta 1 inatoa kipande 1, nukta 2 vipande 2, kisha 4, 8, 16, na nukta 6 zinatoa 31. Mfuatano ni halali mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana swali la mfuatano liwe na hatua za kutosha kabla na baada ya namba mbovu. Mbovu ikiwekwa mwisho kabisa, hakuna jirani wa kuithibitisha.

Na kwa kuwa nyote mmetaja namba za mraba bila kusema jinsi ya kuzikamata zikiwa kubwa, vipimo viwili ni hivi. Namba ya mraba haiishii na 2, 3, 7 wala 8. Pili, jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: lazima upate 1, 4, 7 au 9. Kwa 1,296, 1,764, 2,116, 2,706, zote zinaishia na 4 au 6, kipimo cha kwanza hakikuambii kitu. Cha pili kinatoa 9, 9, 1, 6. Hakuna mraba unaotoa 6. Mgeni ni 2,706, na hukugusa kipeuo.

Vipimo hivi vinakataa tu, havithibitishi. 1,306 inaishia na 6 na inatoa 1, inapita vyote, lakini 36 × 36 ni 1,296 na 37 × 37 ni 1,369. Ikipita vipimo, tafuta miraba inayoizunguka ndipo uamue.

---

Kigawe_cha_Tatu

Wakuu, hili nimelikuta na jibu lililotolewa linanisumbua: 8, 27, 64, 125, 343. Jibu linasema 64, "kwa sababu ni mchemraba na pia ni mraba". Kwa kanuni ya Baki_Sifuri hiyo si hoja dhaifu? Inataja upekee wa 64, haisemi zilizobaki zinaungana na nini. Zote ni za mchemraba, 64 ikiwemo.

---

Mraba_Kamili

Hoja yao ni dhaifu, uko sahihi kabisa. Ukiifuata, mwingine atasema 125, kwa kuwa ndiyo pekee inayogawanyika kwa 5.

---

Baki_Sifuri

Hoja ni dhaifu lakini jibu linasimama. Vunja kila moja: 8 ni 2 × 2 × 2, 27 ni 3 × 3 × 3, 125 ni 5 × 5 × 5, 343 ni 7 × 7 × 7. Zilizozidishwa ni 2, 3, 5, 7, zote tasa. 64 ni 4 × 4 × 4, na 4 si tasa. Jina la kundi ni "mchemraba wa namba tasa".

Ukitaka kuhakiki bila kuamini neno langu, hesabu vigawo. 8 ina 1, 2, 4, 8. 27 ina 1, 3, 9, 27. 125 ina 1, 5, 25, 125. 343 ina 1, 7, 49, 343. Kila moja vinne. 64 ina 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, ambavyo ni saba. Na ushufwa hauleti mgeni wa pili, kwa kuwa 8 na 64 zote ni shufwa. Mtunzi alipanga kundi zuri kuliko maelezo aliyoyaandika chini yake.